Tulipopima Macho Mazima Mikumi

Ijumaa, Mikumi.

Asubuhi kulikuwa na kile kibaridi cha Julai kinachokufanya ujifunge khanga mbili. Mchana jua likatoka, na sasa jioni kuna kaupepo kanatokea upande wa mbugani. Nina furaha. Naliandika hilo mapema kabisa kabla sijajisahau nikaanza kulalamika, maana najijua.

Nimekaa kwenye kafe ya intaneti, kompyuta ya kona, kibodi yake herufi A imefutika kabisa kwa kubonyezwa. Nje malori ya Zambia yanapita mfululizo na madirisha yanatetemeka. Mwenye kafe ameshanionya kwamba umeme wa siku hizi hauna ahadi. Basi niandike haraka.

Kwa atakayepita hapa bila kunijua: mimi ni nesi wa macho, kituo changu cha kazi ni Kilosa mjini, na watu wananiita Mama Tunu. Nilianza kazi enzi za maduka ya ushirika, tukipanga foleni ya sabuni. Leo kila kitu kinauzwa na kila mtu anauza, mashamba ya mkonge yamepata wenyewe wapya, hata treni tunaambiwa ina mwekezaji. Na mimi soko huria limeniletea mashine ya macho ya mtumba.

Sitanii. Ya mtumba kabisa.

Hospitali moja huko Ulaya ilinunua mpya, hii ya zamani wasamaria wakaileta. Inapiga picha ya ndani ya jicho kwa mwanga tu, bila sindano wala maumivu. Inakuonyesha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kama mtu aliyekata mkate akakugeuzia upande uone ulivyo ndani. Halafu inakupimia unene wake. Mtu mwenye sukari, retina yake inaweza kuanza kuvimba kidogo kidogo na asijue lolote, mpaka siku anashindwa kumtambua mtu ng'ambo ya barabara. Ukiwa na mashine hii unaliona tatizo mapema, wakati bado linatibika.

Ila mtumba ni mtumba. Hununui shati kabla hujaligeuza ukaangalia kwapani. Ndiyo maana daktari wa macho, Dokta Neema, akatumwa kutoka Dar, aje aigeuze hii mashine na kuiangalia kwapani, halafu aamue kama inafaa kubaki Kilosa au irudishwe.

Wiki mbili hizi watu wameniuliza swali lilelile: kwa nini mnapima wazima na wagonjwa tupo? Nimejibu mpaka mdomo umeniuma, lakini ni swali zuri, acha nilijibu na hapa. Jicho zima halibadiliki kwa robo saa. Ukilipima, mtu akainuka, akanyoosha mgongo, akakaa tena, ukapima tena, jibu linatakiwa lifanane na la kwanza. Lisipofanana, anayeyumba ni mashine, jicho limetulia. Na mashine inayoyumba kwa mzima, siku ikikuambia mgonjwa amevimba, utaamini kitu gani?

Sasa niseme ukweli kwa nini jambo hili lilinikosesha usingizi.

Nina dada yangu, Zaina, yuko Kimamba, ana genge la nyanya na vitunguu karibu na stesheni. Ana sukari. Mwaka jana nilimpeleka Dar, wakaona retina ya jicho la kulia imeanza kuvimba, wakamtibu kwa leza, wakamwambia arudi baada ya miezi michache wapime kama uvimbe umeshuka. Hajarudi. Kila nikimgusia ana sababu: basi linamchosha, hataki kulala kwa watu, nani atamwangalizia genge. Mwezi uliopita nilimkuta anachagua nyanya mbovu, kila moja anaisogeza mpaka karibu na pua. Nikajifanya sijaona.

Kwa hiyo mashine ikibaki Kilosa, Zaina anapimwa umbali wa safari fupi kutoka nyumbani, anarudi mchana kuuza nyanya. Ikiondoka, namjua dada yangu. Hapandi tena basi la Dar.

Pale Kilosa kazi ilikwenda vizuri ajabu. Chumba kimoja, mlango mmoja, giza zuri, namba ya kwanza na ya pili zinafuatana kama mapacha. Dokta akafurahi, akasema basi tuihamishie Mikumi kwa siku chache tuone kama inastahimili safari, kwa sababu wilaya ni kubwa na wagonjwa wako kila mahali. Tukaizungushia magodoro, tukapita njia ya Ulaya, kile kijiji chetu cha Ulaya, mimi nyuma nimeikumbatia kama mtoto mchanga, na dereva kila shimo analitafuta kwa makusudi.

Mikumi mambo yakaharibika.

Namba zikaanza kupishana. Mtu yuleyule, jicho lilelile, mara ya kwanza retina nyembamba, mara ya pili nene. Mwingine kinyume chake. Na wazee ndio walikuwa hatari zaidi, karibu kila mzee tuliyempima alikuwa na majibu mawili yasiyojuana. Nikamgeukia dereva. Nilimsema yule baba mpaka akaenda kukaa barabarani na nyani. Dokta yeye alishuku umeme, akaongeza kifaa cha kutuliza umeme, tukabadilisha soketi. Wapi!

Jana jioni Dokta aliniambia taratibu kwamba kesho ikiwa hivihivi, atalazimika kuandika kuwa haiaminiki. Hakusema kwa ubaya. Ni binti mwenye moyo mzuri, ana umri wa mwanangu wa kwanza, na najua ilimuuma. Mimi chakula kilinishinda. Nilikuwa naziona zile nyanya tu, zinasogezwa puani.

Basi leo.

Lazima nieleze chumba tulichopewa hapa kituo cha afya. Ndicho pekee chenye umeme wa kueleweka, lakini kina milango miwili, wa mbele na wa nyuma, na bomba la maji liko uani. Kwa hiyo anayetaka maji anapita humohumo. Tuliweka mapazia meusi kila mlango ili tupate giza, tukaona tumemaliza. Watu wanapita kimyakimya kando ya ukuta na ndoo zao, hawatusumbui.

Hivyo ndivyo tulivyodhani.

Wa kwanza leo alikuwa Nashipai, binti wa Kimasai kutoka kwa wafugaji wa huku bondeni, ana macho mazima ya kuona ng'ombe aliyepotea kabla mwenyewe hajajua kapotea. Alikuja na baba yake. Nikamkalisha, kidevu kwenye kiegemeo, paji la uso limegusa mkanda, nikamwambia angalia ile taa ndogo ya kijani, usicheze. Akatulia kabisa. Nikaanza kupiga picha. Katikati ya picha pazia likafunguka, akaingia baba yake. Na Nashipai, bila kuwaza, akatoa kichwa kwenye mashine, akakiinamisha, baba akamgusa utosini, akarudisha kidevu palepale kama hakuna kilichotokea.

Kwenye skrini picha ilikuwa imekatika vipande kama mchoro wa mtoto wa chekechea.

Nilicheka kidogo, nikairudia picha. Ndivyo wao wanavyosalimia, mkubwa akiingia mdogo anampa kichwa. Nikajisemea, huyu angalau nimemwona. Sikuunganisha kitu. Kichwa changu kilikuwa bado kinamlaani dereva.

Akafuata Mzee Sefu. Huyu ni mstaafu wa reli, kazi zilipopunguzwa alihamia hapa kwa binti yake, na anasoma gazeti bila miwani na kukutangazia kwamba anasoma bila miwani. Juzi alikuwa mmoja wa wale ambao majibu yao hayakujuana hata kidogo. Alipoambiwa arudi leo alikuja amevaa koti.

Nikamweka. Taa ya kijani. Kimya. Mashine yetu ni ya kizamani, haina akili ya kulifuata jicho likisogea kama hizo mpya tunazosikia, inataka mtu atulie tuli mpaka imalize. Katikati ya retina kuna kibonde kidogo, na pembeni ya kibonde ndiko kunene. Kidevu kikicheza kidogo tu, mashine inapima ukingo badala ya kibonde, na hakuna kengele itakayolia kukuambia.

Naangalia skrini, picha inajichora vizuri, mstari mzuri, na hapo pazia la mbele likapepea, sauti ya msichana na ndoo yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu," akajibu Mzee Sefu kwa sauti nzito ya stesheni, kidevu kikapanda, kikashuka.

Mstari ukaruka.

Nikabaki nimeshika kile kishikio cha mashine kama nimepigwa na umeme. Mungu wangu. Nikaanza upya, sikumwambia mtu kitu. Picha inajichora. Pazia la nyuma likapepea. Mwanamke mwingine, maji yanamwagika. "Shikamoo baba." "Marahaba mama." Mstari ukaruka.

Nikaanza tena. Safari hii aliyeingia ni Dokta Neema mwenyewe, ameshika chupa ya matone. Dokta amelelewa, jamani, kwao wamemfunza. Alimwona mzee ambaye hajamsalimia tangu asubuhi, akakunja goti hata gizani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, marahaba kabisa!"

Mstari uliruka mpaka ukatoka nje ya skrini.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashuka kwenye kiti nikakaa sakafuni, machozi yananitoka, Mzee Sefu anauliza sista kapatwa na nini, Dokta ananishika bega akidhani nalia kwa ajili ya mashine.

"Dokta, ni sisi," nikamwambia. "Umesalimia!"

"Sasa nisimsalimie mzee?"

"Ndiyo hapo sasa!"

Akaniangalia. Akaiangalia skrini. Akamwangalia Mzee Sefu, ambaye bado kidevu chake kilikuwa kwenye kiegemeo kwa utiifu mkubwa. Nikaona uso wake unafunguka polepole, kisha akaziba mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika.

Sababu ya wazee kuwa wabaya zaidi ni hiyo tu. Kijana anasalimia wakubwa wanaopita, lakini mzee anasalimiwa na kila mtu, na kila shikamoo lazima ijibiwe. Siku zote hizo tulikuwa humo ndani na hatukusikia. Ndiyo ajabu yake. Ukiniuliza jana kama kuna mtu alizungumza wakati wa kipimo, ningekuapia kwamba chumba kilikuwa kimya. Nimezaliwa ndani ya shikamoo, masikio yangu hayaihesabu kama sauti.

Na Kilosa kulikuwa na mlango mmoja, tukaufunga kwa ufunguo.

Dokta alitaka tuhakikishe. Tukafunga milango yote miwili, tukampima Mzee Sefu mara ya kwanza, akainuka, akajinyoosha, akatusimulia kidogo habari za mafuriko ya mto Mkondoa yaliyowahi kubeba reli kule Kidete, akakaa, tukampima mara ya pili. Namba zikaja. Dokta akainama kwenye skrini, mimi nikainama juu ya Dokta.

Pacha!

Nilimkumbatia yule binti mpaka miwani yake ikaanguka.

Lakini watu wanataka maji, huwezi kufunga njia ya bomba kutwa nzima. Dokta akapendekeza tubandike karatasi mlangoni, kwamba tafadhali usisalimie. Mzee Sefu alivyolisikia hilo! Akasimama na koti lake.

"Mnibandikie tangazo la kukataza adabu? Watoto wapite mbele yangu kama mbuzi, na mimi ninyamaze kama gogo? Bora mniandike kipofu."

Dokta akamwomba radhi haraka haraka. Mimi moyoni nilikuwa upande wa mzee.

Aliyetutoa pale ni baba yake Nashipai. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote, amejiegemeza kwenye fimbo, anasikiliza. Akasema kwa utaratibu wake kwamba salamu haitaki kufukuzwa, inataka mtu wa kuipokea. Akaomba kiti. Tukampa kile cha plastiki, akakiweka nje ya mlango wa mbele, akakaa. Anayekuja na ndoo anamkuta yeye kwanza, anamsalimia yeye, yeye anapokea kwa niaba ya wakubwa wote waliomo ndani, kisha anamwambia mpita njia apite bila neno, salamu imeshafika. Mzee Sefu akaona huyu mwenzake asimshinde, akachukua kiti kingine akaenda mlango wa nyuma.

Kazi ya mchana wa leo, natamani mngeiona. Wazee wawili, milango miwili, wanapokea shikamoo kama wakusanya ushuru. Ndani kimya cha kweli, kimya chenyewe. Na kabla mtu hajaweka kidevu, tunasalimiana kwanza mpaka tunamaliza: nyumbani, watoto, shamba, mifugo, mahindi yamefikia wapi. Hata anayemaliza kupimwa anataka kujua mimi na Dokta tumeamkaje. Hatubakizi kitu mdomoni. Ndipo naonyesha taa ya kijani.

Tuliwarudia wote wa juzi na jana walioweza kuja. Namba zikaja zimefuatana, moja baada ya nyingine. Si kwamba zinalingana kabisa kabisa, Dokta amenifundisha kwamba hata mizani ya dhahabu ina kupepesuka kwake, lakini kupepesuka huko ni kudogo, hakufikii hata karibu na kuvimba kwa retina yenye ugonjwa. Ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Mashine imepita njia ya Ulaya, imepita mashimo yote, na bado inasema kweli.

Dereva nimemnunulia chipsi na soda. Amezipokea bila kuniangalia. Nimestahili hivyo, nitamvumilia mpaka Kilosa.

Saa kumi Dokta Neema alifunga kompyuta yake, akavua koti jeupe, akaniambia, "Mama Tunu, mashine haiendi popote." Nilipiga kigelegele pale pale kituoni. Akina mama wa kliniki, bila kujua ni cha nini, wakanipokea. Maisha haya bwana. Kigelegele kikipigwa kinaitikiwa kwanza, maswali baadaye.

Nikatoka nje mpaka panaposhika mtandao vizuri, nikampigia dada Zaina.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekula?" Ndivyo anavyoanza siku zote, tangu nikiwa darasa la kwanza.

Nikamwambia yote, mbio mbio, kichwa, kidevu, ndoo, Dokta kukunja goti. Alicheka kile kicheko chake cha kukohoa. Nikamwambia mashine inabaki, Jumatatu aje Kilosa, asubuhi tu, mchana yuko gengeni kwake. Hakuna basi la Dar, hakuna kulala kwa watu, hakuna foleni.

Nilisikia mteja huko kwake anauliza bei ya fungu, na yeye hamjibu.

"Hiyo mashine," akasema, "inasema kweli?"

"Inasema kweli, dada. Nimeihakikisha mwenyewe."

"Hicho ndicho ninachokiogopa, mdogo wangu."

Jamani. Mwaka mzima nimegombana na basi. Nimegombana na genge, na foleni, na dereva asiye na kosa. Kumbe dada yangu alikuwa anaogopa jibu, na hakuwa na mtu wa kumwambia, maana mimi kila nikifungua mdomo namfokea kuhusu safari.

Yeye ndiye aliyeuliza, "Utakuwepo?"

"Mimi ndiye nitakayekupima."

"Basi nitakuja," akasema, na nikamsikia anamgeukia mteja wake na kumtajia bei.

Nimekaa na maneno hayo tangu saa kumi na moja. Na bado nina furaha, sitaki kudanganya hapa. Nimeona leo watu wazima wakifurahia macho yao mazima, nimeona wazee wawili wakilinda milango, na nimepata mashine ya kuaminika karibu na nyumbani kwetu. Lakini wiki yote hii niliomba iseme kweli, na sikujiuliza hata mara moja kama mimi mwenyewe niko tayari kuisikia ikisema habari za Zaina.

Mwenye kafe ananiangalia, anataka kufunga. Haya.

Jumatatu nitampima mara mbili, kama nilivyowapima wazima. Na jibu lolote litakalotokea kwenye ile skrini, sitamtuma Dokta. Nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono.